Magunia Kumi na Moja ya Bibi Klara

Inatangazwa kwa wananchi wote wa tarafa ya Mlalo, wa milimani na wa mabondeni, waliosoma na waliosomeshwa kwa nguvu, kwamba Bibi Klara, mjane wa marehemu Lucian Shekiondo, mkazi wa kitongoji cha Kwemkuyu, umri miaka sitini na tisa, elimu darasa la nne la misheni, kazi muuza maharage, ndiye mtaalamu wa kwanza katika Milima ya Usambara yote, Magharibi na Mashariki, wa tawi la uhandisi liitwalo uchambuzi usio wa mstari wa miundo ya majengo. Wenye shahada moja wanaombwa wakae. Wenye shahada mbili wanaombwa wakae chini kabisa, sakafuni. Matarumbeta ya usharika yako tayari, isipokuwa lile kubwa, ambalo mpigaji wake amekwenda kumwagilia kabichi.

Tangazo hili halikusomwa redioni, kwa hiyo inabidi lielezwe hapa taratibu.

Tuanze na nyumba, maana bila nyumba Bibi Klara ni bibi tu kama bibi wengine, na milimani hatuna upungufu wa mabibi. Nyumba yake ni ya ghorofa. Mtu wa Dar es Salaam akisikia ghorofa anawaza lifti na mlinzi mwenye kofia. Kwemkuyu ghorofa ni miti, udongo, sakafu ya mbao huko juu, paa la bati, na roshani ya kusimama mtu aone nani anapita, amebeba nini, na kwa nini amekifunika. Marehemu Lucian aliijenga mwaka wa hamsini na mbili kwa mikono yake mwenyewe, kwenye mteremko ambao hata mbuzi huupita akiwa amenyamaza.

Ilianza kuinama Desemba ya mwaka sitini na moja. Nchi ilikuwa inasimama, nyumba ikainama. Mvua za mwaka ule zilinyesha kana kwamba mkoloni wakati wa kuondoka amesahau kufunga bomba. Asubuhi moja Lucian alitoka nje, akafumba jicho moja, akaitazama nyumba yake, akaona kichwa chake kimekwenda upande wa bondeni. Akafumba jicho la pili, labda kwa kusali. Kisha akasema, "Itakaa," akaingia ndani kunywa chai. Mwaka wa sabini na tatu akafa kwa homa ya mapafu, akazikwa nyuma ya migomba, hatua ishirini kutoka mlangoni. Nyumba ilikuwa bado imekaa.

Bibi Klara akabaki nayo. Watoto walikwenda zao: mmoja Tanga, mmoja anachuma chai huko Zirai, na kitinda mimba, Tobia, akaoa Magoma, chini kule kwenye joto, akabaki huko. Yeye aliendelea na maharage. Alinunua kwa wakulima wa mabondeni, akayachambua kwa roho na kwa mikono yake, akayapandisha kwa ngazi hadi ghorofani, akayatunza mpaka wakati wa kuuza. Kila siku alipanda ngazi ile mara nne au tano, akiwa na sweta lililotoka Ulaya baada ya kuvaliwa na mtu mnene. Alikuwa na mdomo. Mchungaji mgeni alipomwambia kwamba nyumba yake inafanana na mnara mmoja mashuhuri wa Italia, alijibu, "Basi waambie hao Waitalia waje tuwaoneshe unavyokaliwa."

Hivi ndivyo mambo yangeendelea, kama isingekuja ruksa ya biashara huria.

Ruksa ilipokuja kila mtu alipata ruhusa ya kitu. Wengine walipata ruhusa ya kuleta redio kutoka Dubai, wengine ruhusa ya kuuza nguo za marehemu wa Ulaya, na vijana walipata ruhusa ya kukaa bila kazi hadharani, jambo ambalo zamani lilikuwa la kujificha. Yassin, jirani wa Bibi Klara, alipata ruhusa ya kabichi. Alianza na matenga mawili kichwani. Miaka mitano baadaye alikuwa na lori, na lori likawa na maandishi kifuani, naye Yassin akawa na tumbo. Mwaka wa tisini na mbili akajenga. Duka chini, gesti juu, vyumba sita, matofali ya saruji, na mfereji wa bati wa kukinga maji ya mvua ambao aliupaka rangi ya kijani kabichi ili watu wasisahau historia.

Alijenga bondeni mwa ukuta wa Bibi Klara, mkono mmoja kutoka hapo. Yaani palepale ambapo nyumba ya Bibi Klara ilikuwa ikipaangalia kwa miaka thelathini.

"Bibi," alimwambia siku moja akiwa amesimama mlangoni pa duka, shingo ameikunja kutazama juu, "nyumba yako inanichungulia."

"Ilikuwa inaangalia upande huo kabla hujaota meno, Yassin. Wewe ndiye uliyekuja kusimama mbele ya macho yake."

"Wageni wangu wa gesti wanaogopa. Jana mmoja amelala na viatu."

"Mwambie avue. Nyumba yangu haimfuati mtu kitandani."

Lakini tuseme haki: Yassin hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu mwenye mali mpya chini ya mali ya zamani iliyoinama, na hali hiyo ingemkosesha usingizi hata malaika. Akaandika barua kwa mwenyekiti wa kijiji, Omari Singano. Mwenyekiti Omari, ambaye hakuna jambo alilolipenda kama kikao, akaunda Kamati ya Usalama wa Majengo yenye wajumbe watano. Kati ya hao watano, aliyewahi kujenga kitu alikuwa mmoja, na kitu chenyewe kilikuwa choo.

Kamati ilifika, ikatazama, ikainamisha vichwa upande wa bondeni ili nyumba ionekane imenyooka, ikaona haisaidii. Kesho yake Bibi Klara akapokea karatasi yenye mhuri, tena mhuri wenyewe umepigwa mara mbili asije akaukataa. Siku kumi na nne. Ndani ya siku hizo alete mtaalamu wa kuthibitisha kwamba nyumba iko salama. Asipomleta, itabomolewa na wananchi kwa kujitolea. Mtaalamu wa karibu alikuwa semina, na semina za miaka ile zilikuwa na mwanzo tu.

Ikibomolewa, atakwenda wapi? Magoma, kwa Tobia. Kila mtu alisema hivyo kwa sauti ya furaha, kana kwamba wanampeleka Makka. Mkwe wake Jenipher ni mtu mwema, chumba kipo, ugali upo. Mwenyekiti Omari alipokwenda kumshawishi, alimkuta kwenye roshani anamenya njegere.

"Bibi, Magoma kuzuri. Joto linasaidia magoti."

"Na maharage je? Magoma gunia halimalizi wiki tatu, limekuwa unga wa dumuzi."

"Hutahitaji kuuza tena. Utapumzika."

Bibi Klara aliendelea kumenya. Kisha akasema, bila ukali, jambo ambalo lilimtisha Omari kuliko ukali wote aliouzoea, "Omari, hapa mtu akibisha hodi, mimi ndiye ninayesema karibu. Kule nitakuwa ninasubiri sahani. Na Lucian nimwache na nani pale migombani?"

Omari akashuka ngazi kwa uangalifu. Moyoni alitaka kuichana ile karatasi, lakini ilikuwa na mhuri, na mhuri ulikuwa wake mwenyewe.

Siku ya nane ikaja gari la mradi, na ndani ya gari akatoka Injinia Justin Kamugisha.

Huyu alikuwa kijana wa miaka thelathini, mwembamba, mtoto wa Bukoba, aliyesoma hapa, akasoma nje, kisha mfadhili akampa fedha asome zaidi ili asirudi haraka kutafuta kazi. Utafiti wake ulikuwa huu: kuna nyumba za udongo katika Usambara ambazo kwa hesabu zote zilipaswa kuwa zimeanguka, na hazijaanguka, kwa nini? Alikuwa na timazi, futi ya chuma, na kompyuta ya kubebeka kama begi la karani, iliyokula umeme wa betri ya gari. Mwenyekiti Omari alipomwona alimshika mkono na hakuuachia mpaka walipofika mlangoni kwa Bibi Klara.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Unatoka wapi?"

"Dar es Salaam, ila kwetu Bukoba."

"Umetoka mbali kote huko kuja kuangalia nyumba iliyoinama? Za Bukoba zimesimama zote?"

Justin akacheka, naye Bibi Klara akampa kiti. Kuanzia hapo walielewana kwa kila jambo isipokuwa uhandisi.

Alipima siku mbili. Alining'iniza timazi kutoka kwenye roshani, akakuta kichwa cha nyumba kimeiacha miguu yake kwa sentimita arobaini na tatu. Alipima unene wa kuta, akagonga nguzo, akahesabu boriti za sakafu ya juu, akayaona magunia kumi na moja ya maharage yaliyokuwa huko, akayaandika kama mzigo uliotandazwa sawasawa sakafu nzima, kwa sababu ndivyo alivyofundishwa kuandika mizigo. Kisha akaunganisha kompyuta na betri, juu ya boneti ya gari, na Kwemkuyu nzima ikaacha palizi.

Hesabu ya kwanza ilikuwa ya mstari. Hii ni hesabu yenye adabu: ukiongeza mzigo mara mbili, nyumba inainama mara mbili, na kila kitu kinakaa kwenye foleni. Kompyuta ilimaliza kwa dakika mbili, ikasema nyumba ni nzima. Kamati ikapiga makofi. Yassin akatema mate kando.

"Bado," alisema Justin. "Hiyo hesabu haijui kwamba nyumba imeinama. Sasa tunaingia kwenye isiyo ya mstari. Hapa nyumba ikiinama, uzito wake wenyewe unaanza kuivuta; ikivutwa inainama zaidi; ikiinama zaidi inavutwa zaidi. Ni mduara."

"Kama kukopa," alisema mjumbe aliyejenga choo.

Justin akabonyeza. Kompyuta ikawaza dakika arobaini. Ikala nusu ya betri, ikapata joto mpaka paka wa Yassin akaja kulala kando yake. Mwisho ikaandika kwamba imeshindwa kufikia jibu.

"Imeshindwa?" Mwenyekiti Omari akauliza. "Basi nyumba imeshinda?"

"Hapana, mzee. Ikishindwa hivi maana yake nyumba imeanguka."

Watu wote wakageuka kuitazama nyumba. Nyumba nayo ikawatazama.

"Imeanguka lini?" Yassin akauliza kwa hamu.

Justin akapekua karatasi zake, akalinganisha na mvua za miaka iliyopita. "Kwa kukadiria, masika ya mwaka sabini na nne."

Sauti ikatoka juu, kwenye roshani. "Sabini na nne nilikuwa ndani. Ningesikia."

Hapo Justin akaingiwa na hofu ya kweli, maana aliyekuwa akizungumza alikuwa amekaa juu ya jengo ambalo kwa mujibu wa kompyuta halikuwepo. Akamwomba bibi ashuke. Bibi akashuka, kwa kuwa kijana aliomba kwa adabu. Kisha Justin akatoa agizo ambalo kila mtu pale aliona lina akili kuliko yote yaliyosemwa tangu asubuhi: mzigo wa juu uondolewe. Nyumba inaelemewa, ipunguziwe. Hata mtoto wa chekechea angekubali.

Bibi Klara peke yake hakukubali. "Magunia yangu msiyaguse."

"Bibi, ni kwa usalama wako."

"Yamewakosea nini? Mtaniharibia mpango wangu."

"Tutayapanga vizuri hapa nje, bibi, hatutapoteza hata punje," akasema Mwenyekiti Omari, akavua koti, akaongoza kamati kupanda ngazi.

Magunia hayakuwa yametandazwa sawasawa. Yalikuwa yamerundikwa karibu yote kwenye kona moja, ile ya upande wa mlimani, na kona hiyo ndiyo iliyokuwa jirani na ngazi, kwa hiyo hayo ndiyo yaliyotangulia kubebwa. Gunia la kwanza likashuka, la pili, la tatu. Wajumbe wakaanza kuimba. La nne, la tano. Lilipofika mlangoni la sita, nyumba ikasema.

Haikupiga kelele. Ilitoa sauti ya mzee anayeinuka kitini, ndefu, yenye lawama. Udongo ukamwagika kutoka ukutani kama unga. Mlango ukabana ukiwa nusu wazi. Roshani ikasogea taratibu upande wa bondeni, ikaegemea mfereji wa kijani wa Yassin kwa upole wa muumini anayesinzia kwenye bega la mwenzake wakati wa mahubiri.

Kamati ya Usalama wa Majengo ikaonesha usalama ni nini: wajumbe wanne walikuwa barabarani kabla gunia la sita halijagusa chini. Mwenyekiti Omari, aliyekuwa juu na gunia la saba begani, akabaki palepale katikati ya sakafu, akitaja jina la Mungu kwa sauti ndogo ili asiongeze mzigo. Yassin akatoka dukani na mizani mkononi.

"Gesti yangu! Bibi, gesti yangu!"

"Rudisheni," alisema Bibi Klara.

"Bibi usiingie!" Justin akapiga ukelele, lakini bibi alikuwa ameshajipenyeza kwenye ule mlango uliobana, akipanda ngazi kwa mwendo wake uleule wa kila siku.

"Omari, rudisha hilo ulilobeba. Siyo hapo. Kona ya mlimani, tate, baba yangu, wewe umezaliwa bonde gani? Haya, nyie wa barabarani! Leteni la mbegu kwanza, lile lenye kamba nyekundu. Liingie ndani kabisa, liguse ukuta. Halafu magunia mawili ya maharage ya kablanketi. Halafu ya njano. Yabanane!"

Hakuna aliyetaka kuingia. Ndipo ikaonekana nguvu ya mali. Yassin, mtu ambaye tangu apate lori hakuwahi kubeba hata mkoba wake mwenyewe, alitupa mizani, akajitwisha gunia la mbegu, akapanda. Akashuka, akachukua kablanketi. Akapanda. Jasho lilimtoka mpaka kofia ikateleza. Kila gunia lilipokaa kwenye kona, nyumba iliguna kidogo, kama mtu anayetafuta ubavu mzuri wa kulalia. Gunia la sita liliporudi, roshani iliuachia mfereji. Ukabaki umebonyea, lakini mwanga ukapita tena kati ya roshani na mfereji, upana wa vidole viwili kama awali.

"Hapo," alisema Bibi Klara, akajipangusa vumbi. "Na aliyemwaga njegere zangu aziokote."

Injinia Justin alikuwa amekaa chini, barabarani, uso wake kama wa mtu aliyeona Pasaka. Kisha akainuka mbio akaenda kwenye kompyuta. Aliyafuta yale magunia aliyoyatandaza sawasawa. Akayaweka moja moja mahali yalipo, kona ya mlimani, na zaidi ya hapo akayapanga kwa mfuatano aliousikia: mbegu, kablanketi, ya njano. Akabonyeza. Kompyuta ikawaza saa nzima na nusu, betri ikaanza kufa, Omari akaleta betri ya lori la Yassin bila kumuuliza Yassin. Saa kumi jioni ikajibu. Nyumba imesimama. Sentimita arobaini na mbili na nusu, ilisema kompyuta. Timazi ilikuwa imesema arobaini na tatu.

Justin akaruka. Akamkumbatia mwenyekiti, akamkumbatia Yassin, akataka kumkumbatia Bibi Klara akakumbuka adabu, akampa mkono kwa mikono miwili.

"Bibi, wewe umeishikilia nyumba hii kwa maharage!"

"Maharage nayauza," alisema Bibi Klara.

Siku mbili zilizofuata Justin alimhoji. Alichora safu tatu katika daftari lake: gunia, mahali, mwezi.

"Masika unayaweka wapi, bibi?"

"Masika yote kule kona ya mlimani, yabanane hasa."

Justin akaandika mbio. "Kwa sababu masika msingi hulainika, nyumba inataka kwenda bondeni, inahitaji kuvutwa zaidi nyuma. Sahihi kabisa! Na kiangazi?"

"Kiangazi nayaachia nafasi, yanasogea kidogo hata katikati. Yapumue."

"Kwa sababu udongo umekauka, umeshika! Na vuli?"

"Vuli nayarudisha."

"Na mpango huu uliuanza lini?"

"Mwaka uleule nyumba ilipoinama."

"Miaka thelathini na miwili," Justin alinong'ona. Alijaza kurasa kumi na nne. Kila jibu lilipotoka alilimalizia sababu yeye mwenyewe, maana sababu alikuwa nazo nyingi, amesomea. Bibi Klara alisema "Haya," akamwongezea chai.

Siku ya kumi na nne kamati ikakutana katika darasa la shule, maana ofisi ya mwenyekiti haikutosha watu waliotaka kuona kama bibi anakwenda Magoma au haendi. Bibi Klara alikaa dawati la mbele, kanga yake ya kanisani begani, mikono imeshikana.

Justin akasimama ubaoni. Akaandika kanuni. Kanuni ikachukua ubao wote, ikaendelea ukutani. Wajumbe wakaitazama kama mbuzi anavyotazama kalenda. Mwisho akaifuta.

"Wazee wangu, mnajua dengelua?"

Darasa likaamka. Pombe ya miwa haihitaji tafsiri.

"Kibuyu cha kwanza kinakuinamisha kidogo. Cha pili, mara mbili ya hapo. Huo ni mstari. Je, cha saba kinakuinamisha mara saba?"

"Cha saba kinakulaza mtaroni!" alijibu mtu wa nyuma, kwa uzoefu.

"Ndiyo isiyo ya mstari hiyo. Sasa: ukila ugali kwanza ndipo unywe, unafika wapi?"

"Nyumbani."

"Ukinywa kwanza ndipo ule?"

"Kwa jirani," wakaitikia watu kadhaa, na mwanamke mmoja akamtazama mumewe.

"Ugali uleule, pombe ileile. Mfuatano tu umebadilika. Nyumba ya bibi ndivyo ilivyo. Siyo uzito tu, ni uzito upi umewekwa wapi, na upi umetangulia. Sisi tuliondoa ugali tukaacha pombe."

"Mimi sinywi," Yassin alilalamika. "Nieleze kwa njia ya Kiislamu."

"Ukipakia lori kabichi pande zote mbili, ukashusha za upande mmoja kwanza. Lori linafanya nini?"

Yassin akaweka kofia yake sawa. Lori lake liliwahi kufanya hivyohivyo karibu na Soni, na kabichi zilishuka mlima kabla yake.

Taarifa ya mtaalamu ikasomwa: nyumba iko salama, kwa sharti kwamba magunia yasipungue manane kona ya mlimani, na nguzo mbili za mkaratusi ziegemezwe ukuta wa bondeni kabla ya vuli. Kila mtu akaguna kwa kuridhika, mpaka Yassin akainua kidole.

"Na akiuza?"

Hakuna aliyekuwa ameliwaza hilo. Nyumba ilikuwa imefungwa kwenye soko huria: bei ya maharage ikipanda Kariakoo, ghorofa linainama Kwemkuyu.

"Bibi," Yassin akasema kwa sauti ya kuomba ambayo haijawahi kusikika kwa mfanyabiashara, "bei ikipanda usiuze."

"Mnunuzi ni wewe, Yassin."

"Basi sitanunua!"

"Nitamuuzia mwingine. Ruksa."

Yassin akashika kichwa. "Nitaleta manane ya kwangu. Yakae kwako. Hayatoki mpaka Kiama."

"Ukileta yaliyotobolewa na wadudu sipokei."

Wakakubaliana. Mwenyekiti Omari akaichana ile karatasi ya siku kumi na nne mbele ya watu, akaandika nyingine, akaigonga mhuri mara tatu ili ishinde ile ya kwanza, akamkabidhi Bibi Klara kwa mikono miwili. Watu wakapiga vigelegele. Bibi Klara akaikunja ndogo, akaifunga kwenye pindo la kanga, na kwa mara ya kwanza siku ile akavuta pumzi iliyofika chini.

"Jambo la mwisho," alisema Mwenyekiti Omari, akichovya sauti yake katika Kiswahili cha vikao. "Kwa ajili ya kumbukumbu za kamati, na kwa manufaa ya vizazi vijavyo, mtaalamu wetu Bibi Klara aombwe aeleze, kwa maneno yake mwenyewe, ni elimu gani iliyomwongoza kuweka magunia upande wa mlimani, masika hata masika, kwa miaka thelathini na miwili."

Injinia Justin akafungua ukurasa mpya, akainamisha kalamu. Bibi Klara akainuka, akajifunga kanga vizuri.

"Upande ule mwingine bati linavuja," alisema. "Maharage yakilowa yanaota."